Pawa saplai za "wati 750" za kwenye lebo: PC inajizima ovyo, muuzaji anasingizia umeme wa mtaani

Wakuu, nina hasira, kwa hiyo lugha mtanivumilia.

PC nimeiunga mwenyewe: prosesa Ryzen 5 5600, GPU (kadi ya picha) RTX 3060, RAM GB 16. Si mashine ya kutisha. Ukiandika au ukiangalia video imetulia tuli. Fungua gemu, ramani ikianza kupakia, tap! Kioo cheusi, feni zinasimama, halafu inajiwasha upya kana kwamba hakuna kilichotokea. Skrini ya bluu hakuna, ujumbe hakuna.

Nikaibeba hadi dukani Kariakoo nilikonunua pawa saplai, kile kiboksi kinachogawa umeme ndani ya PC. Duka silitaji. Jamaa wa kaunta hata kesi hajaigusa: "Umeme wa mtaani kwenu huo kaka, nunua UPS." Nikamwambia UPS ninayo, na TV na taa ndani havijawahi kutikisika PC inapokata. Akahamia kwenye Windows, eti ya kudownlodi. Kisha RAM. Mwisho akaiwasha palepale, Windows ikafunguka, akaniangalia: "Si inawaka hiyo? Shida iko wapi?" Mashine kama hii ikiwa imekaa tu haili hata wati 100. Kwa kipimo hicho hakuna pawa saplai mbovu Kariakoo nzima.

Sasa kabla hamjaja na "piga Windows upya mkuu". Event Viewer, daftari la matukio la Windows, inaleta Kernel-Power 41. Wengi mnaisoma 41 kama ndiyo ugonjwa, wakati inasema tu kwamba mashine ilizimika bila kufungwa vizuri. Ingia ndani yake utafute BugcheckCode, namba ya kosa lililoiangusha Windows. Yangu ni 0 kila mara, na ile setingi ya kujiwasha yenyewe baada ya hitilafu nilishaizima, skrini ya bluu bado haitokei. Yaani Windows haipati hata nafasi ya kuanguka. Inakatiwa umeme ikiwa imesimama. MemTest86 imelala usiku kucha ikipima RAM, kosa hakuna. Joto la prosesa na GPU liko poa hadi sekunde ya mwisho.

Kilichonifumbua macho ni MSI Afterburner, programu ya kurekebisha GPU. Nilishusha kikomo cha umeme cha GPU hadi asilimia 70, gemu likapiga jioni nzima bila kukata. Nikarudisha 100, halikumaliza mechi.

Hapo ndipo nikaichomoa pawa saplai na kusoma lebo yote, siyo yale maandishi makubwa. Makubwa yanasema 750W, na nembo ya 80 Plus Gold, cheti cha ufanisi wa pawa saplai, inang'aa kama meno ya dhahabu. Chini, kwenye kajedwali kadogo: +12V, 20A. Zidisha mwenyewe. Ni wati 240! Na prosesa na GPU zote zinakula kwenye hiyo 12V. GPU hii peke yake ni wati 170, prosesa inapanda hadi 76, tayari tumepita kabla ya feni, na GPU inaruka juu ya kiwango chake kwa milisekunde kadhaa kila mzigo unapobadilika ghafla. Ndiyo maana inakata ramani inapopakia. Pawa saplai ya kweli ya 750W hutoa karibu zote kwenye 12V, ampea 60 na ushee. Hizo wati 510 zangu mmeziweka wapi, nyinyi watu?

Hiyo Gold nayo ni tusi. Nyuma kuna kaswichi kekundu ka kuchagua volti 115 au 230. 80 Plus inadai "power factor" (kipimo cha jinsi kifaa kinavyotumia vizuri umeme wa ukutani) isipungue 0.9, na pawa saplai zenye saketi ya kufikisha hapo kwa kawaida hupokea volti 100 hadi 240 zenyewe, hazina haja ya swichi. Orodha ya modeli zilizopimwa na 80 Plus iko wazi mtandaoni. Hii haimo.

Nimeazima 550W ya kweli kwa mshikaji. GPU asilimia 100, haijakata tena. 550 inabeba kilichomshinda 750.

Nikarudi na ushahidi wote. Jibu: kidole kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi". Kwamba ukiandika hivyo chini ya risiti basi unaruhusiwa kuuza 240 kwa bei ya 750? Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumdanganya mteja kuhusu ubora wa bidhaa, na sijaona mahali inaposema risiti inaifuta. Na hapa mimi nina bahati imejizima tu. Hivi vitu mara nyingi vimepunguzwa saketi za ulinzi, siku kikipasuka kinaondoka na madabodi na GPU, na muuzaji bado atakwambia umeme wa mtaani kwenu.

Aliyewahi kupeleka kesi kama hii Tume ya Ushindani aniambie alianzia wapi: barua, au unaenda na kifaa chenyewe? Na je, walikirudisha?

Mwenye 650W ya kuuza, hata iliyotumika, aje PM. Picha ya lebo kwanza, sehemu ya 12V isomeke. Ukituma picha ya boksi sikujibu.