Nimekunywa mvinyo mwekundu na samaki wa kupaka, mdomo ukabaki na ladha ya sarafu

Mbondei_Kizota
Wakuu, habari za jioni. Mimi mtu wa Muheza, ofisi ilinihamishia Dodoma 2019, na maisha yangu yote nilikuwa wa bia mbili basi. Huku kila ukialikwa unamiminiwa mvinyo wa hapa hapa, nikaona nami nijifunze.

Jumamosi nikaalika jirani na mkewe. Nikapika samaki wa kupaka kama anavyopika mama: changu aliyesafiri na basi kutoka Tanga ndani ya barafu, tui zito, ndimu, pilipili mbuzi tatu. Dukani nikachukua mwekundu mkavu (yaani usio mtamu) wa Makutupora, muuzaji akasema huo ndio wenyewe. Nikauweka juu ya kabati kwa sababu nilisikia mwekundu hauingizwi kwenye friji.

Funda la kwanza kabla ya chakula, mkali kidogo lakini unapita. Nikala tonge na samaki, nikanywa tena: kama nimelamba sarafu ya shilingi mia. Pilipili nayo ikawaka mara mbili. Jirani akaomba maji kwa adabu. Mkewe akacheka waziwazi.

Sasa, mvinyo ulikuwa mbovu au mbovu ni mimi? Na wale wanaozungusha glasi na kutumbukiza pua humo, wanatafuta nini? Mimi nikinusa nasikia mvinyo tu.

MzeeWaBaridi
Changanya na kola, tia barafu. Maswali yote kwisha.

BintiHombolo
Mzee, hiyo tuizungumze siku nyingine.

Kaka Mbondei, mvinyo wako ulikuwa mzima. Nimehudumia meza hotelini miaka tisa kabla sijarudi kwenye ekari moja na nusu ya zabibu ya baba hapa Hombolo, na meza kama yako nimeziona nyingi, hata za watu wenye tai.

Mwekundu unachachushwa pamoja na maganda na mbegu, rangi inatoka humo na tanini inatoka humo. Tanini ndiyo ule ukakasi. Wewe wa Tanga umekula mabibo, unajua fizi zinavyokauka ukiuma bibo ambalo halijaiva. Ni kitu kile kile: tanini inang'ang'ania protini za mate, ulimi unabaki bila ulaini wake. Ukila nyama yenye mafuta, tanini inapata kitu kingine cha kushika, na mdomo unapona. Kwa samaki wako haikuwa hivyo. Isitoshe mvinyo una chembe za madini ya chuma, na mwekundu mara nyingi unazo nyingi zaidi. Zikikutana na mafuta ya samaki zinaamsha shombo. Hiyo ndiyo sarafu yako. Pilipili je? Pombe inaichochea, na ukakasi unakuja juu yake. Pilipili mbuzi tatu, kaka!

Kabati nalo lilikuonea. Hiyo habari ya kunywa mwekundu kwa joto la chumba ilitoka Ulaya, kwenye nyumba za mawe zenye baridi. Maana yake ni nyuzi 16 hadi 18. Kabati la Kizota mwezi wa kumi lina karibu 30, pombe inakurukia puani kabla ya zabibu. Upoze kwanza kwenye friji, halafu fungua.

Kunusa sasa. Mimina theluthi ya glasi, nusa ikiwa imetulia, kisha zungusha unuse tena; kuzungusha kunaingiza hewa na harufu zinapanda. Usihangaike na matunda ya Ulaya ambayo hujawahi kuyatia mdomoni. Mimi kwenye mwekundu wa huku nasikia zambarau, pilipili manga, wakati mwingine ukwaju. Mgeni mmoja aliniambia anasikia kiatu kipya, na kweli nilipoinamia glasi kilikuwemo. Ukisikia boksi lililoloa mvua, kizibo cha gome kimeuharibu, rudisha. Ukisikia siki, basi umekwisha.

Kabla hujanunua chupa nyingine fanya jaribio la bure. Chemsha chai ya rangi, acha majani humo nusu saa, kunywa bila sukari. Sikiliza fizi. Kisha tia maziwa kidogo unywe tena. Maziwa yamebeba ukakasi, kama nyama yenye mafuta inavyofanya.

Kwa samaki wako nenda na Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa zabibu za jina hilo. Nazo zinalimwa Dodoma. Ipoze vizuri, na kwa pilipili yako tafuta yenye utamu kidogo, sukari inatuliza moto. Ule mwekundu peleka kwa kitimoto iliyokaangwa, lakini kachumbari isiwe na ndimu nyingi: chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unapooza kama maji ya jana.

Nguru_Mchomo
Dada, hapo kwa samaki umekaza sana. Mimi nakula nguru wa kuchoma na mwekundu kila mwezi, sijawahi kuona sarafu.

BintiHombolo
Mwekundu gani? Mwepesi, usio na ukakasi, ukipozwa unakwenda na samaki, hilo nakubali. Na nguru wako amepata moshi na chumvi, chumvi inalainisha ukakasi. Ila Makutupora mkavu na tui la nazi, hapana, hapo sisogei.

Nguru_Mchomo
Sawa, wangu ni mwepesi. Na huwa naweka friji, ila mbele za watu sisemi.

Mbondei_Kizota
Nimerudi na ripoti. Chai nimefanya, mke wangu akadhani naumwa. Kweli kabisa, fizi zilikauka hadi nikajilamba, na maziwa yakafuta.

Jana nikachukua kitimoto nusu kilo kwa jamaa wa kona, Makutupora nikaupoza kwanza kwenye friji. Dada, hiki si kile nilichokunywa Jumamosi! Nikaenda funda, nyama, funda, nyama. Halafu nikaharibu mwenyewe: nikamega andazi tamu la mtoto na kunywa juu yake, mvinyo ukageuka mchungu na mchachu papo hapo.

Nimenusa mara sita. Zambarau sijaipata. Ukwaju nimeupata, ule wa kuuziwa kwenye karatasi nje ya geti la shule.

Swali dogo: chupa imebaki nusu, jirani anakuja Ijumaa. Utafika? Na kwa nini dukani mvinyo mpya wa huku hauishi mwaka mzima?

BintiHombolo
Andazi ni hivyo, mvinyo mkavu ukikutana na kitu kitamu kuliko wenyewe lazima ushindwe.

Mizabibu yetu haina baridi ya kuilaza kama ya Ufaransa. Tunaiamsha kwa kuikata matawi, kwa hiyo tunavuna mara mbili, mwezi wa tatu hivi na tena mwezi wa nane au wa tisa.

Leo Jumanne. Rudisha kizibo sasa hivi, simamisha chupa kwenye friji, Ijumaa itafika. Jumapili usimpe mtu, upikie nyama ya ng'ombe. Na jirani ukimpikia tena changu, pilipili mbuzi moja.

MzeeWaBaridi
Ikifika Jumapili nipigieni, nitakuja na kola.