Sayansi gredi ya 4 na 5 shule ya kanisa: vijitabu vya ACE, sanduku la vifaa, au nauli ya basi?

MwalimuWaKisauni
Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo. Nafundisha Sayansi na Teknolojia katika shule ndogo ya kanisa huku Kisauni, Mombasa, watoto 38 gredi ya 4 na 31 gredi ya 5. Bodi imetenga hela kidogo za muhula ujao. Nimeambiwa nichague kitu kimoja tu, nije nikitetee Jumamosi.

Cha kwanza ni kuhamia ACE, ule mfumo wa Kikristo ulioanzia Texas mwaka 1970. Mtoto anapewa vijitabu 12 kwa kila somo kwa mwaka, anakaa kwenye kijimeza chake chenye kuta, anasoma peke yake na kujisahihishia, na hafungui kijitabu kinachofuata mpaka apate 80 kwa 100. Mchungaji anaupenda kwa sababu Neno limefumwa ndani ya somo lenyewe.

Cha pili, tubaki na CBC, mtaala wa serikali, na vitabu vilivyoidhinishwa na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, hela zinunue sanduku la vifaa: sumaku, vipimajoto, lenzi, hadubini moja.

Cha tatu ni wazo langu, nalo limeshachekwa mkutanoni: hela zote ziwe nauli. Safari nne kwa muhula, hori la Tudor, Haller Park, Rabai na ufuoni.

Msinionee haya.

MamaPendo
Mwalimu, usiwacheke wanaopenda ACE. Kijana wangu ni mzito wa kusoma. Kwenye darasa la watoto 40 alikuwa anajificha nyuma ya mwenzake. Pale kwenye kijimeza hakuna wa kumcheka, anakwenda mwendo wake. Kwa kusoma na hesabu mimi nilishukuru.

Ila sayansi ni jambo lingine. Utajisomea kuhusu sumaku mpaka kesho, hujaijua mpaka ikuvute mkononi. Na ulizia mapema kabisa: hao wa gredi ya 5 mwaka ujao wanakaa KPSEA, mtihani wa taifa wa gredi ya 6. Ukibadilisha mfumo sasa, nani atawatayarisha?

FundiLikoni
Sanduku la vifaa! Kaka, niache nikueleze yangu.

Tulinunua moja duka fulani mjini. Hadubini ikafika bila kioo cha chini cha kuakisi mwanga, vichupa vitatu vimepasuka. Vilivyosalimika, mwalimu mkuu akavifungia kabatini kwake kwa kuwa ni vya bei. Watoto waliiona hadubini siku ya wazazi, imefunikwa kitambaa cha mezani kama keki ya harusi.

Somo lililokamata darasa langu mwaka ule lilikuwa la chupa tatu za jemu na misumari mitatu mipya. Ya kwanza kavu, kifuniko kimekazwa. Ya pili maji ya bomba, msumari nusu ndani nusu nje. Ya tatu vivyo hivyo, lakini maji ya bahari kutoka ufuo wa Shelly. Kila asubuhi kabla ya sala mtoto mmoja alikuwa anachora anachokiona. Chupa ya bahari ilianza kutoa uzi wa rangi ya chungwa pale msumari unapokutana na uso wa maji, ukateremka taratibu kama moshi uliogeuzwa. Ya bomba ikafuata nyuma. Ile kavu, kimya. Binti mmoja akanyanyuka, hakuomba hata ruhusa: “Mwalimu, ndiyo maana geti letu linaliwa na la shangazi Voi haliliwi!”

Gharama ilikuwa misumari tu. Kwa hiyo kura yangu si sanduku. Lenzi kumi za mkononi, basi.

BiMwanaisha
Mimi Muislamu, na binti yangu yuko shule ya kanisa mwaka wa tatu huu, tunaelewana vizuri. Namuunga mkono mwalimu kwa Tudor.

Marehemu baba alikuwa akiuza boriti, kwa hiyo mikoko tuliijua kwa majina: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mchu, mlilana. Binti yangu kitabuni amesoma “mikoko hustahimili maji ya chumvi”, akapewa alama zake. Siku moja nikamchukua hadi ukingoni, nikamchumia jani la mchu, nikamwambia lamba. Alinitazama kama nimerukwa na akili. Akalamba. “Mama, chumvi!” Mti unainywa kwa mizizi na kuitoa majanini, ukilitega jani juani utaona chembe zinametameta. Kisha akaziona zile pumzi za mchu, mizizi iliyochomoza matopeni kama penseli, na mbegu ya mkoko inayomea ikingali mtini, halafu ikadondoka kama mkuki ikajichomeka. Wiki nzima hakuzungumza kingine.

Kengeleni_Boy
Yote mazuri, lakini hakuna anayegusa lenyewe. Mtoto atakayetembea atauliza. Wangu aliona ukutani Fort Jesus jiwe lenye umbo kama ua. Nikamwambia hilo ni tumbawe, lilikuwa hai. Ngome Wareno waliianza 1593, hilo halina ugomvi. Akauliza: na jiwe je? Wanajiolojia wanasema matumbawe yaliyojenga kisiwa hiki yalikuwa hai baharini zaidi ya miaka laki moja iliyopita. ACE wanafundisha dunia changa, ya miaka elfu chache. Mwalimu, utasema nini mbele ya mchungaji?

MamaPendo
Hapo sasa. Na ndio maana mchungaji anataka vijitabu, havina maswali ya njiani.

MwalimuMstaafu_Rabai
Marahaba wanangu. Nimefundisha shule za kanisa tangu enzi za mfumo wa 8-4-4 hazijaja, na swali la umri wa mawe nimelijibu mara nyingi: wanajiolojia wamepima hivi, kwa sababu hii na hii, wakristo wanaisoma Mwanzo kwa namna zaidi ya moja, kamuulize mchungaji, kisha uje uniambie alivyosema. Sijawahi kufukuzwa. Mchungaji mmoja alikuja mwenyewe darasani, tukajadili mbele ya watoto.

Lakini mwalimu, safari ya Rabai usiifanye ya kupiga picha kanisani. Wasimulie Rebmann. Mmisionari Krapf alifika Mombasa 1844, mwenzake Rebmann akamfuata 1846. Aprili 1848 Rebmann akatoka Rabai kwa miguu kuelekea Uchagani, na tarehe 11 Mei akaona kitu cheupe juu ya mlima Kilimanjaro. Kiongozi wake wa njia alikiita “beredi”, baridi, basi. Rebmann akaandika kwamba ni theluji. Huko London msomi Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, akambishia miaka na miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani! Ilibidi mpelelezi Mjerumani von der Decken aupande mlima wenyewe, ingawa hakufika kileleni, 1861 na tena 1862, ndipo wengi wakaamini, ingawa Cooley aliendelea kubisha.

Waulize watoto wako: kati ya hawa, nani alifanya sayansi? Wangu walibishana kipindi kizima. Nusu walisema Rebmann. Kijana mmoja wa Kirabai akashikilia kwamba ni yule kiongozi, maana yeye alikuwa anajua kuna baridi kabla mzungu hajafika. Sikuwa na jibu, na mpaka leo nampa haki.

Mchungaji akikataa nauli, mkumbushe kwamba Sulemani alimtuma mvivu akamtazame chungu. Hakumpa kijitabu cha chungu.

FundiLikoni
😂😂 Mzee umemaliza.

Haller Park pia usiende kwa ajili ya twiga peke yake. Simulia machimbo. Mwaka 1971 mtaalamu René Haller alianza kupanda miti kwenye shimo lililochimbwa mawe ya saruji, lisilo na udongo, aina 26, zikapona 3. Mvinje ndio uliotamba, lakini majani yake makavu yalilala hapo bila kuoza. Akaleta majongoo wayatafune, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mtoto ukimwonyesha jongoo mmoja kwenye majani ya mvinje, kisha ukamwonyesha msitu, mada ya uozo umeshaifundisha.

MwalimuWaKisauni
Asanteni sana, mzee wangu hasa. Jumamosi nakwenda na hili: CBC inabaki, lenzi kumi, chupa za jemu kila mtoto alete ya kwao, na safari tatu badala ya nne, ufuoni tutakwenda kwa miguu. Kwa watoto wazito wa kusoma, MamaPendo umenigusa; nitaiga ile ya kwenda mwendo wako, kadi za kazi za kujisomea Ijumaa. Mchungaji nitamwalika Fort Jesus aje ajibu swali la jiwe mwenyewe.

Limebaki moja: Tudor niende siku gani? Mara ya mwisho tulikuta maji yamejaa, tukala mandazi tukarudi.

BiMwanaisha
Nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, na siku mbili tatu baada yake. Hapa kwetu bamvua maji hupwa sana saa nne saa tano asubuhi, ndani ya saa za shule. Saa saba muwe mmeshatoka, yanarudi kwa kasi. Na viatu vya kufunga, si malapa. Matope yatawavua yote, na chaza waliogandia kwenye mizizi wanakata.

MwalimuWaKisauni
Malapa marufuku, nimeandika. Mandazi yanabaki.