Msaada: "Ulinzi wa Papa" kwa monasteri za dola za Wanamsalaba ulikuwa dhidi ya nani hasa?

Mjukuu_wa_Katekista
Habari za saa hizi wakuu. Nimekwama, naombeni ushauri, na kama itawezekana nipate majibu kabla ya Ijumaa.

Naandika tasnifu ya historia ya Kanisa kuhusu monasteri za Walatini (Wakristo wa Magharibi walio chini ya Roma) katika Ufalme wa Yerusalemu, dola ya Wanamsalaba, karne ya 12. Sura ya pili inahusu hati ambazo mapapa walizipa nyumba hizo: Bonde la Yehoshafati, Mlima Tabor na Hospitali ya Yerusalemu (nyumba ya kuhudumia mahujaji na wagonjwa). Hoja yangu ilikuwa rahisi. Nchi ilizungukwa na maadui, watawa hawakuwa na silaha, hivyo Papa akawaweka chini ya ulinzi wa Mtakatifu Petro. Kurasa 31.

Msimamizi wangu kanirudishia zote. Hakuna alichosahihisha ndani, si koma, si nukta. Juu ya ukurasa wa kwanza kaandika kwa kalamu nyekundu maneno manne: "Ulinzi dhidi ya nani?"

Nimemwuliza, akacheka, akasema nirudi kwenye hati zenyewe. Kilatini changu ni cha kuungaunga. Hivi jibu si liko wazi, dhidi ya Waturuki? Au kuna kitu sikioni? Naomba msinitukane.

Kuku_wa_Kisasa
Kurasa 31 kwa jibu lisilo sahihi, pole sana mkuu 😂 Naweka kiti hapa nijifunze.

Mzee_Kabati
Kijana, hatukutukani. Wengi tulianzia hapohapo.

Msimamizi wako kakupa zawadi, sema kaifunga kwa karatasi ya ukali. Chukua mwaka 1113 peke yake. Tarehe 15 Februari Papa Paskali II anamwandikia Gerard, mkuu wa Hospitali, hati inayoanza na maneno *Pie postulatio voluntatis*. Miezi michache baadaye, kiangazi hichohicho, majeshi ya Mawdud, mtawala Mwislamu wa Mosul, yanaingia Galilaya, abasia (monasteri inayoongozwa na abate) ya Mlima Tabor inaporwa na watawa wake wanauawa. Tabor nayo ilikuwa na hati ya Papa, ya mwaka 1103. Sasa jiulize: watawa wale walitegemea ile ngozi iliyoandikwa Roma iwazuie wapanda farasi wa Mawdud? Hawakuwa wajinga hivyo.

Soma hati ya Hospitali inasema nini. Inasema mali walizopata na watakazopata zibaki zao. Inasema Gerard akifa, ndugu wenyewe ndio watakaomchagua mrithi wake, asipachikwe mtu kwa hila wala kwa nguvu. Inagusa zaka. Halafu mwishoni kuna onyo, na ndipo pa kutazama kwa makini: mtu yeyote *wa Kanisa au wa dunia* atakayevunja hati hii akijua, akionywa mara ya pili na ya tatu asipotengeneza, apoteze cheo chake na atengwe. Mturuki utamtenga na Ekaristi asiyoipokea? Utamvua cheo gani?

Onyo lile linamhusu askofu, bwana mwenye shamba la jirani, mtoto wa mfadhili anayetaka kijiji cha marehemu baba yake kirudi. Watu wa ndani.

Mjukuu_wa_Katekista
Mzee Kabati, shikamoo. Nimesoma mara mbili nikahisi joto la uso. "Ecclesiastica secularisve persona" niliitafsiri mwenyewe kwenye ukurasa wa 9 na nikapita kama sikuiona.

Mzee_Kabati
Marahaba. Ndiyo kazi ya kalamu nyekundu hiyo.

Dada_Nyaraka
Niongezee. Ndugu mwandishi, una kosa la pili linalokuja, bora ulikwepe mapema. Utaenda kusema "basi ulinzi maana yake walikuwa huru na maaskofu". La hasha. Kulindwa ni jambo moja, kutolewa chini ya askofu ni jambo jingine, na ukichanganya hayo mawili atakurudishia na sura ya tatu.

Hati nyingi zina kifungu kifupi karibu na mwisho: *salva sedis apostolicae auctoritate et diocesani episcopi canonica iustitia*. Yaani haya yote tunawapa, lakini mamlaka ya Kiti cha Mtume na haki halali za askofu wa jimbo zibaki palepale. Ukikuta kifungu hicho na jina la askofu limo, nyumba hiyo inalindwa mali zake, lakini askofu bado ni askofu wao. Ukikuta mamlaka ya Roma tu, na askofu hatajwi, hapo kaa wima, huenda nyumba hiyo ilitolewa chini yake.

Palikuwa na utata hata wakati wao. Nyumba nyingine zililipa Roma kitu kidogo kila mwaka kama alama, na zikaanza kudai kwamba kulipa kule ndiko uhuru. Papa Aleksanda III (1159 hadi 1181) akalazimika kufafanua: tazama maneno. Kama hati inasema malipo ni *ad indicium libertatis*, alama ya uhuru, hapo sawa. Kama inasema ni *ad indicium perceptae protectionis*, alama ya ulinzi uliopokewa, basi haki za askofu hazikupungua hata chembe. Papa mwenyewe anakuambia soma neno kwa neno, wewe ni nani usome juujuu? (Nakutania.)

Ukitaka mfano wa nyumbani wa uhuru uliofika mbali zaidi, waulize wazee wa Songea. Kuanzia 1931 hadi 1969 abate wa Peramiho ndiye aliyekuwa na madaraka ya kiaskofu katika eneo lake, hapakuwa na askofu mwingine wa jimbo juu yake. Hiyo ndiyo ngazi ya juu kabisa. Hati ya 1103 ilimpa abate wa Tabor kitu cha kufanana na hicho, hadhi ya askofu mkuu katika Galilaya. Nazareti ilipopata askofu wake, madaraka yale yakaanza kumegwa. Kwa hiyo kwa Tabor jirani wa kuogopwa alikuwa kilima cha pili tu, na alivaa kofia ya kiaskofu.

Otieno_wa_Vitabu
Niko Kisumu, nasoma huu uzi nikiwa kwa matatu. Kuna story ya kengele lazima iingie hiyo sura.

Mwaka 1154 Papa Anastasio IV aliwapa Wahospitali, yaani ndugu wa ile Hospitali ya Yerusalemu, hati kubwa, *Christianae fidei religio*. Wakaruhusiwa wawe na mapadre wao, na mapadre hao wasiwe chini ya askofu. Hospitali ilikuwa mkabala kabisa na Kanisa la Kaburi Takatifu, kanisa la patriaki, yaani mkuu wa maaskofu wa Kilatini wa kule. Guillaume, askofu mkuu wa Tiro aliyeandika historia ya nchi ile, anaeleza kilichofuata: kila patriaki Fulcher aliposimama kuwahubiria watu, ng'ambo ya pili kengele zilianza kulia, nyingi, kubwa, mfululizo, mpaka mzee wa watu hasikiki hata akipaza sauti. Alipolalamika, hawakuacha. Siku moja wakaingia na silaha na kupiga mishale ndani ya kanisa. Mishale ikaokotwa, ikafungwa kwa kamba, ikatundikwa mbele ya mahali pa Golgotha. Guillaume anasema aliiona.

Mwaka 1155 Fulcher, mzee sana tayari, akapanda meli na baadhi ya maaskofu wake kwenda Italia kumlalamikia Papa Adriano IV. Akarudi mikono mitupu.

Kwa hivyo ukiulizwa ulinzi dhidi ya nani, hapo jibu lina anwani: dhidi ya jirani ng'ambo ya barabara.

Kuku_wa_Kisasa
Kengele 😂😂 Mimi jirani yangu ana spika. Naomba hati ya Papa.

Dada_Nyaraka
Otieno, hadithi ni tamu na aitumie, ila aweke chumvi. Guillaume alikuwa askofu mkuu. Kila hati iliyoondoa zaka na mapadre mikononi mwa maaskofu iligusa mfuko wa watu wa cheo chake. Anadai makardinali karibu wote walihongwa wakamwacha Fulcher; hayo ni maneno ya aliyeshindwa kesi. Mwaka 1179 alihudhuria Mtaguso (mkutano mkuu wa maaskofu) wa Tatu wa Laterano, na mtaguso huo ukatoa kanuni dhidi ya Watemplari (shirika la watawa wapiganaji) na Wahospitali waliozidisha mipaka ya hati zao. Malalamiko yalikuwa na msingi, lakini mlalamikaji tunamjua.

Tena kuna kejeli ndani yake. Hati za nyumba nyingi za watawa zilikuwa na kifungu cha wakati wa marufuku ya ibada: nchi ikifungiwa ibada, ninyi mnaweza kusali, lakini milango ifungwe, waliotengwa watolewe nje, sauti iwe ya chini, na *kengele zisipigwe*. Guillaume analalamika kwamba Wahospitali nyakati hizo ndipo walipozipiga kwa nguvu zaidi na kuwaita waliotengwa. Fadhila imetolewa na masharti, masharti yamesahaulika njiani.

Msomaji_Bubu
Sijawahi kuandika humu, nasoma tu. Naomba nipinge kidogo. Mnasema hati hazikuwa kinga ya vita, sawa. Sultani Saladini alipochukua Yerusalemu Oktoba 1187, ngozi zote zile zilikuwa na faida gani? Watawa wa Kilatini walilazimika kuondoka. Naona kama tunasifia karatasi.

Mzee_Kabati
Karibu Bubu, umeanza na swali zito.

Faida yake ilionekana hasa baada ya 1187. Hati ya kipapa huwa na orodha ndefu ya mali, jina kwa jina: kijiji hiki, kanisa lile, tanuri, nyumba, shamba la mizabibu. Na nyumba hizi hazikuwa na mali Palestina tu. Hati ya 1113 inataja hospitali za wageni Saint-Gilles, Asti, Pisa, Bari, Otranto, Taranto, Messina. Watawa wa Bonde la Yehoshafati, waliokuwa wakilinda kaburi la Bikira Maria, walikuwa na mali Sisilia. Wale wa Santa Maria Latina walikuwa na nyumba Agira, Sisilia hukohuko. Yerusalemu ilipopotea, huko ndiko kulikowalisha. Na mbele ya askofu wa Sisilia au bwana wa Sisilia utathibitisha vipi kwamba shamba hili ni lako wewe uliyetoka Yerusalemu bila kitu? Unafungua sanduku, unatoa ngozi yenye muhuri wa madini ya risasi, upande mmoja vichwa vya Petro na Paulo, upande wa pili jina la Papa.

Ndiyo maana hati za Yehoshafati zimetufikia: zilihamishwa na watawa, zikaishia Palermo. Za waliobaki bila pa kwenda nyingi zimepotea.

Dada_Nyaraka
Na kwa sababu hati zilikuwa mali, zilighushiwa. Watawa wa Yehoshafati hawakuwa malaika. Baadhi ya hati zao zimeonyeshwa na wataalamu kuwa za kutengenezwa au kuongezwa maneno. Mwandishi, angalia tasnifu yako: kila hati unayoitaja, hakikisha mhariri wake anasema nini juu ya uhalisia wake. Rudolf Hiestand ndiye aliyezichapa upya barua za mapapa kwa makanisa ya huko, anzia kwake.

Usisahau pia kwamba Papa hakuamka asubuhi akasema "leo niilinde Tabor". Mwombaji alisafiri baharini, akafika na orodha yake ya mali, akaomba. Ile orodha ni madai ya mwombaji yaliyogongwa muhuri. Usiisome kama daftari la mpima ardhi.

Mjukuu_wa_Katekista
Dada, hapo umenigusa. Nilitengeneza ramani nzima kwa kutumia orodha hizo 😭

Dada_Nyaraka
Usiifute. Badilisha kichwa cha ramani, iwe ya mali zilizodaiwa.

Otieno_wa_Vitabu
Mwisho kwangu, ongeza Bethania. Malkia Melisende na mfalme Fulk walianzisha abasia ya masista hapo 1138, na Iveta, mdogo wake malkia, baadaye akawa abesi. Songa mbele hadi 1256. Masista wako ukimbizini Akko, mji wa pwani uliobaki mikononi mwa Walatini, na Papa Aleksanda IV anawapa Wahospitali abasia yao na mali zake. Mwaka mmoja kabla alikuwa amewapa Tabor. Yaani mlinzi ndiye aliyewagawa.

Patriaki wa Yerusalemu wakati huo, Jacques Pantaléon, mtoto wa fundi viatu wa Troyes, akaenda kulalamika kwa Papa. Akiwa kule Viterbo, Mei 1261, Papa akafariki. Makardinali walikuwa wachache na hawakupatana juu ya mmoja wao, na tarehe 29 Agosti wakamchagua mlalamikaji. Akawa Urbano IV, na kesi aliyokuja nayo akaiamua mwenyewe: Bethania ikarudi kwa masista.

Kuku_wa_Kisasa
Ameenda kufungua kesi akarudi hakimu. Huyo ndiye mtu wangu.

Msomaji_Bubu
Nimeelewa sasa. Na nyumba za Waorthodoksi je, nazo ziliomba?

Mzee_Kabati
Ziliomba. Papa Onorio III aliwathibitishia watawa wa Sinai mali zao, Krete na Kupro zikiwamo, nchi ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Walatini. Maadui zao wa mahakamani wangekuwa maaskofu wa Kilatini, basi wakaenda kwa mkubwa wa maaskofu hao. Hiyo mwandishi aiweke tanbihi, isimpoteze njia.

Mjukuu_wa_Katekista
Wakuu, nimetafuta neno "Waturuki" kwenye sura yangu. Limo mara 43. Naanza kufuta usiku huu. Nitapanga upya hivi: kwanza Tabor na Nazareti, halafu Hospitali na patriaki, mwisho Yehoshafati na Sisilia. Bethania nitaiomba kwa msimamizi, maana ni karne nyingine.

Nina hati moja hapa ambayo kifungu cha "salva" kinanichanganya, siwezi kusema kama askofu katajwa au la. Naweza kuweka picha?

Dada_Nyaraka
Weka. Ila piga mchana karibu na dirisha, na usikate mistari miwili ya chini, ndiyo tunayoitaka.