Kidole cha mwisho kinaniuma kwa kuchapa Kiswahili: nihamie Dvorak au Colemak?

Mnukuzi wa Moro
Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni kusikiliza mahojiano ya watafiti na kuyaandika neno kwa neno, karibu yote kwa Kiswahili. Nachapa saa sita hadi nane kwa siku, mwaka wa tano huu, kwa vidole vyote na bila kuangalia kibodi. Tangu mwezi wa tatu kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kinauma, na ikifika jioni maumivu yanashuka mpaka pembeni ya kiganja. Mkono wa kulia hauna tatizo lolote. Daktari amenipa mazoezi na kuniambia nipunguze kuchapa. Nikipunguza kuchapa ninapunguza chakula cha watoto.

Nimesoma kwamba QWERTY, huu wa kibodi zetu za kawaida, siyo mpangilio pekee wa herufi, upo Dvorak, upo Colemak, na wanaovitumia wanasema mikono hupumzika. Naomba ushauri wa mtu aliyejaribu kwa kuchapa Kiswahili, siyo Kiingereza tu. Natumia laptopu ya kawaida yenye Windows.

Mwana wa Kinu
Pole sana dada. Mimi niko Dvorak tangu 2016 na sina mpango wa kurudi. August Dvorak na shemeji yake William Dealey walipata hataza yake Marekani mwaka 1936. Irabu zote tano waliziweka mstari wa kati, mkono wa kushoto, na konsonanti zinazotumika sana wakazipeleka kulia. Sasa tazama Kiswahili kilivyo: konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Chapa "tunasoma" uone. T kulia, U kushoto, N kulia, A kushoto, hivyo hivyo hadi mwisho. Mikono inapokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Huhitaji kununua chochote, Dvorak imo ndani ya Windows tayari, unaichagua kwenye mipangilio ya lugha. Ila mimi ilinichukua wiki sita kurudia kasi yangu, kwa hiyo usianze ukiwa na kazi ya mteja mkononi.

Wino Mweusi
Mkuu, kinu hicho mara nyingi anabaki nacho mtu mmoja. Kwenye Dvorak herufi K, Y, P na J ziko mkono wa kushoto pamoja na irabu. Kwa Mwingereza si neno, K na J kwake ni adimu. Kwetu K ndiyo ku-, ki- na ka-. Chapa "kupika", "kukaa", "yake", "yuko", "kuja". Herufi zote zinatoka kushoto, na huo ndio mkono unaomuuma dada yetu.

Mimi namshauri Colemak. Aliitoa Shai Coleman mwaka 2006 na imehamisha vitufe 17 tu. Z, X, C na V zipo palepale, kwa hiyo kunakili na kubandika kunabaki kama ulivyozoea. N, E, I na O ziko mstari wa kati, kulia. "Elimu", "kilimo", "kulikoni", yote unayachapa kwa mkono wa kulia peke yake, yaani mkono wako mzima.

Buyenzi 1
Niwasalimu kutoka Bujumbura. Huku kompyuta nyingi ni AZERTY kwa sababu ya Kifaransa. A iko juu pembeni kabisa, mahali ambapo nyinyi mna Q, na M iko kulia kwa L. Maana yake neno "mama" unalichapa kwa vidole viwili vidogo tu, kimoja cha kulia na kimoja cha kushoto. Nimechapa hivyo miaka mingi, naelewa maumivu anayoyasema dada. Nilipopata kibodi ya QWERTY nafuu niliiona wiki ileile.

Hesabu ya Herufi
Dada Mnukuzi, kabla hujahamia popote chukua sentensi moja ambayo kila mtu anaijua: "haraka haraka haina baraka". Ina herufi 23. Hesabu A. Ziko 11. Kwenye QWERTY hizo 11 zote zinapigwa na kidole kimoja, nacho ni hicho kinachokuuma.

Halafu angalia A iko wapi kwenye Dvorak. Ipo chini ya kidole cha mwisho cha kushoto. Kwenye Colemak je? Palepale, haikusogezwa hata hatua moja. Waliotengeneza mipangilio hii walihesabu herufi za Kiingereza, ambako E ndiyo inayoongoza, basi E ikapewa kidole chenye nguvu. Kwetu inaongoza A, tena kwa mbali sana. Utavumilia wiki sita za kujifunza upya, na mwisho wake kidole kilekile kitakuwa kinabeba mzigo uleule.

Na sifa za kasi zisikuvute. Jeshi la Majini la Marekani lilifanya jaribio mwaka 1944 likaisifu sana Dvorak, lakini Dvorak mwenyewe alikuwa ofisa wa jeshi hilo. Mwaka 1956 Earle Strong alijaribu tena kwa niaba ya serikali ya huko, na hakuona faida ya kuwahamisha wachapaji. Wewe shida yako ni maumivu, kwa hiyo tutafute kinachoondoa maumivu.

Ushauri wangu: baki QWERTY, badilishana A na D tu. Nimejaribu kila kitufe cha mstari ule. Ukiipeleka A kwenye S, unaipa kidole cha pete, ambacho tayari kina W, basi kila "wa" itapigwa na kidole kimoja mara mbili mfululizo, na Kiswahili bila "wa" hakiendi. Ukiipeleka kwenye F, kidole cha shahada kinabeba "ra", "ta", "ga", "va" na "ba" peke yake. Kwenye D unatumia kidole cha kati. Juu yake ipo E, chini yake ipo C. "Ca" hatuna, sisi tuna "cha". Inabaki "ea" ya kutembea na kupokea, hiyo ndiyo gharama yake.

Faida nyingine ni "za". Leo Z na A zote ni za kidole cha mwisho. Chapa "wazazi" polepole: kidole hicho kinapiga mara nne bila kupumua. Ukibadilisha kitapiga mara mbili, tena kwa kupumzika katikati.

Pakua programu ya PowerToys ya Microsoft, ni ya bure. Fungua sehemu ya kibodi, elekeza A iwe D na D iwe A. Usipoipenda unafuta kwa dakika moja.

Mwana wa Kinu
Nimekaa nikahesabu mwenyewe, mkuu uko sahihi kuhusu A. Kwenye Dvorak yangu nitabadilishana A na E, maana nikiiweka kwenye U, kila "ka" itaangukia kidole kimoja. Mapenzi yangu kwa Dvorak yako palepale, ila dada aanze na hili la herufi mbili.

Mnukuzi wa Moro
Asanteni sana wote. Hesabu ya Herufi, swali moja: nenosiri langu lina A mbili, litakuwaje?

Hesabu ya Herufi
Mabadiliko yanaanza kufanya kazi ukishaingia. Kwenye ukurasa wa kuingilia kompyuta chapa kama zamani. Ukiwa ndani, nenosiri la barua pepe na mengine unayachapa kwa mpangilio mpya. Na D ikishahamia pembeni, usisahau kwamba Shift ya kushoto nayo ni ya kidole hichohicho, zoea kutumia ya kulia.

Mnukuzi wa Moro
Narudi baada ya wiki tatu. Siku nne za kwanza "amani" ilikuwa inatoka "dmdni", nikawa nafanya kazi usiku kufidia. Wiki ya pili vidole vilianza kukubali. Sasa kasi yangu imerudi karibu yote, ila maneno ya "-ea" bado yananikwamisha. Kidole kinauma bado nikipitisha saa sita, chini ya hapo hakiumi, na mazoezi ya daktari naendelea nayo. Jana nimemaliza mahojiano ya saa mbili bila kusimama kukikanda. Shift ya kulia bado naisahau.