Naomba ushauri: masaa ya kazi yamekatwa huku Idaho

Habarini ndugu zangu, hasa mnaoishi Marekani. Mimi niko Boise, Idaho, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na malipo yetu yanatoka Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini. Sasa mwaka 2025 jimbo lilishusha kodi ya mapato kutoka asilimia 5.695 mpaka 5.3, baadaye hela zikapungua, na kwa vile katiba ya hapa hairuhusu jimbo kutumia zaidi ya kile linachokusanya, mwezi wa 8 gavana Brad Little akaamuru idara zikate asilimia 3, shule za umma ndo zikaachwa, halafu mwezi wa 9 malipo ya Medicaid kwa watoa huduma nayo yakakatwa asilimia 4.

Bosi wangu kanipunguzia masaa kutoka 40 mpaka 28 kwa wiki. Kodi ya nyumba iko palepale. Lakini kinachoniuma zaidi ni bibi ninayemhudumia, ana kisukari na hawezi kusimama mwenyewe, siku nisizoenda anashinda kitandani mpaka binti yake atoke kazini saa 12 jioni. Nilienda mara mbili bila malipo nikaambiwa nisirudie tena.

Je, familia yake inaweza kukata rufaa arudishiwe masaa? Na mimi nisomee unesi msaidizi niingie hospitali, au nihame jimbo kabisa? Mliopitia haya mlifanyaje jamani?