Naomba ushauri: mfumo wa kusahihisha msimbo papo hapo kwa wanaoanza kujifunza

Mleta uzi
Ndugu wanajamvi, nafundisha lugha ya Python kwa watu ambao hawajawahi kuandika programu, na kazi zao husahihishwa na mfumo unaoziendesha papo hapo kwa majaribio yaliyoandaliwa. Baadhi yao hawausomi tena msimbo wao, yaani maandishi ya programu: hubadilisha alama moja, hutuma, kisha hubadilisha nyingine hadi majaribio yote yapite. Je, niuondoe mfumo huu, au upo utaratibu utakaowafanya wayatafute makosa wenyewe?

Msomamsimbo
Usiuondoe. Tenganisha kwanza makosa ya sintaksia, yaani ya kanuni za uandishi wa lugha, na makosa ya mantiki. Bano lisilofungwa halina somo kubwa, hivyo mwanafunzi aonyeshwe mara moja lilipo. Python kuanzia toleo la 3.10, lililotoka mwaka 2021, hulitaja bano lenyewe, ilhali matoleo ya awali mara nyingi yalilalamikia mstari unaofuata, ambao hauna kosa lolote.

Kosa la mantiki ni jambo jingine kabisa. Anayetakiwa kujumlisha namba kuanzia 1 hadi 10 akaandika range(1, 10), ambayo huishia kwenye 9, atapata 45 badala ya 55, na programu haitalalamika hata kidogo. Mfumo ukimwambia aandike 11 badala ya 10, umemnyima somo zima. Ukimwambia tu kwamba amekosea, umemwacha gizani. Mwonyeshe jibu lililotarajiwa na alilolipata, kisha aeleze ile tofauti ya 10 imetoka wapi kabla hajaruhusiwa kutuma tena.

Mpekuzi
Naunga mkono, isipokuwa hayo maelezo ya lazima, maana wataandika lolote ili wapite. Ni afadhali muda wa kusubiri uongezeke kila anaposhindwa, na wakati huo autazame msimbo wake katika tovuti ya Python Tutor, ambayo huonyesha thamani ya kila kigeu (jina linalohifadhi thamani) hatua kwa hatua. Akiona kitanzi, yaani sehemu inayorudiwarudiwa, kimeishia kwenye 9, atajua pa kurekebisha.

Mleta uzi
Nashukuru sana. Tunatumia Python toleo la 3.8, kwa hiyo nitaanza na kubadilisha toleo. Je, majaribio yaonekane yote, au mengine yafichwe?

Msomamsimbo
Ficha machache, lakini lililofichwa likishindwa, mfumo utaje aina ya ingizo (data inayopewa programu), kama vile orodha tupu au namba hasi, bila kutoa thamani zenyewe. Asiyejua jaribio linahusu nini hana pa kuanzia, na hapo atarudia kubahatisha.