Naombeni ushauri: panya wanapona upandikizaji wa ini, wiki moja baadaye mrija wa nyongo unaziba

Msomi Ugenini:
Wakuu, habari za humu. Nipo China kwa masomo ya uzamili, kazi yangu ni kupandikiza ini kwa panya wa maabara, wale wakubwa. Mishipa ya damu nimeshaizoea, naiunga kwa kafu (vipete vidogo vya plastiki), na muda ambao panya anakaa bila ini nimeushusha hadi dakika 18. Kinachonitesa ni mrija wa nyongo.

Natumia kipande cha kanula ya dripu, yaani kile kibomba chembamba cha plastiki, karibu sentimita moja. Ncha moja naiingiza kwenye mrija wa ini jipya, nyingine kwenye mrija wa mpokeaji, kila upande nafunga kwa uzi wa hariri. Kabla sijashona tumbo naiona nyongo ikipita mle ndani, rangi ya dhahabu. Siku ya saba mkojo unakuwa kama chai ya rangi, masikio na mkia vimegeuka njano. Juzi nimefungua wa nne. Juu ya pale nilipounga mrija umevimba unene wa njiti ya kiberiti, na ndani ya kanula kuna tope jeusi kama ugoro uliolowa.

Ateri ya ini, mshipa unaoleta damu kutoka moyoni, siiungi, mwongozo wetu unasema si lazima. Msimamizi anataka nibadili aina ya uzi. Naombeni mawazo, wanyama hawa wanakufa bure na inaniuma.

Fundi Hadubini:
Pole sana mkuu. Uzi hauna kosa. Sentimita moja ni ndefu mno, kata milimita 4 au 5. Kwa panya, vijirija vya kongosho vinamwaga ndani ya mrija huohuo wa nyongo, kwa hiyo kanula ikizama chini unaviziba na vyenyewe. Halafu zile nyuzi mbili, ya juu na ya chini, zifungane zenyewe kwa zenyewe, kanula isiteleze.

Bi Mkufunzi:
Mwanangu, mimi naitazama hiyo ateri. Madaktari wa upasuaji Kamada na Calne walipoeleza njia ya kafu kule Cambridge mwaka 1979 hawakuunga ateri, na panya waliishi. Mwongozo wenu umetoka huko. Lakini kuishi ni jambo moja na uzima wa mrija ni jingine. Chembe za ini zinapata damu nyingi kutoka utumboni, ila kuta za mirija ya nyongo zinalishwa na ateri. Ukiinyima, ngozi ya ndani inakufa na kubanduka, inachanganyika na nyongo, ndiyo tope unaloliona. Hata kwa binadamu, ateri ya ini jipya ikiziba, mirija ndiyo huharibika mapema.

Jingine: unapotoa ini, mrija usiumenye. Ule utando wa mafuta unaouzunguka ndio unaobeba vimishipa vyake. Na nyongo iliyobaki ndani ioshe kwa maji ya chumvi ya baridi, maana inachoma ukuta wakati ini limelala kwenye barafu.

Msomi Ugenini:
Shikamoo Bi Mkufunzi, asante sana. Hofu yangu ni muda. Nikiunga na ateri si nitavuka zile dakika?

Bi Mkufunzi:
Marahaba. Hapana, ateri unaiunga damu ikisharudi kwenye ini. Dakika zako 18 haziguswi, unaongeza muda wa usingizi tu. Tunza joto la mwili.

Daktari wa Mifugo:
Niongeze kidogo. Panya huyu mkubwa hana mfuko wa nyongo, tofauti na yule mdogo. Nyongo haina pa kungojea, ikizibwa inarudi kwenye ini mara moja. Pima uzito kila asubuhi. Akishakuwa njano na anakonda, mpumzishe kwa dawa siku hiyohiyo, usimwache afie kwenye kizimba.

Msomi Ugenini:
Nimeelewa wakuu. Mirija ya wale wanne nimeihifadhi kwenye fomalini, kesho naipeleka ikakatwe vipande niangalie kuta. Alhamisi nina panya wawili: kanula milimita 5, ateri naiunga. Nitarudi hapa na picha.